Kisafishwe Vizuri

Handsworth, Birmingham
9 Februari 2025

Kaka Fanuel,

Bwakire buya, kama tusalimianavyo nyumbani. Natumaini uko mzima, wewe na wifi na watoto. Mimi ni mzima ila hii baridi ya huku haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya meno. Ungekuwa na masikio ningepiga simu, lakini grinda ya kuchongea sanamu za mawe imeyamaliza, na kuongea nawe kwa simu ni mayowe matupu. Jirani zangu wa Kihindi wanadhani nauawa. Basi tuendelee na barua kama mama anavyopenda.

Mpe mama pole yangu tena. Mwambie nimesikia amekataa uji wa hospitali, na kwamba amemwambia nesi hata mbwa wetu angeukataa. Akiwa bado ana kinywa hicho, sina wasiwasi naye.

Tufike penyewe. Atakayekuletea mzigo huu ni Beverly, yule binti wa hapo Tabaka, tunasali naye kanisa moja huku, na sasa anarudi nyumbani kwa miezi michache. Ndani ya zile soksi nene utakuta chuma. Ndicho alichoagiza daktari, cha kutiwa ndani ya mfupa wa paja la mama pale nyonga ilipovunjika. Vipimo ni vilevile alivyokuandikia. Si cha wizi. Boksi lake lilinyeshewa kwenye stoo ya kiwanda chetu pale Aston, muhuri ukaharibika, na kitu cha hivyo huku hakiuzwi tena, kwa hiyo bosi akaniambia nichukue. Chuma chenyewe hakina kasoro hata kidogo. Nimekikagua mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu.

Mpe daktari mkononi. Kwa kuwa muhuri umetoka, lazima kisafishwe vizuri kabla ya kuingia mwilini. Usisahau, Fanuel, nakujua wewe. Kisafishwe vizuri kabisa.

Beverly anagonga mlango, flaiti yake ni ya jioni. Nitaandika barua ndefu kwa posta, ya kumsomea mama.

Dada yako,
Moraa


Handsworth
16 Februari 2025

Kaka Fanuel, na mama, maana najua unasikiliza,

Hamjambo? Mama, ile blanketi ya zambarau niliyokuletea ni ya kufunika miguu yako, usimgawie mgonjwa wa kitanda cha pili. Nakujua.

Mama, ulipata kuniuliza, "Moraa, huko kiwandani unafanya nini hasa?" Nikakujibu, "Vyuma." Ukasema hata mkokoteni una vyuma. Leo nikujibu sawasawa.

Vyuma vya mifupa vinatoka kwenye mashine vikiwa laini, vinang'aa, unatamani uvipange kabatini. Kazi yetu ni kuviharibu. Tunavipiga mchanga kwa upepo wa nguvu, halafu tunavichovya kwenye asidi, mpaka vinakuwa vya kijivu, vimefifia, na ukivipapasa kidole kinakwama kidogo. Ungeviona, mama, ungesema ni kazi ya mlevi. Lakini ndivyo mfupa unavyotaka. Mfupa si jiwe, ni kitu hai. Una chembe ndogo ndogo, macho hayazioni, na kazi yake ni kujenga. Chembe hizo zikikuta chuma laini zinajilaza tu juu yake, bapa, hazijengi la maana. Panaota nyama kama ya kovu kati ya chuma na mfupa, na baadaye chuma kinaanza kucheza. Lakini zikikuta vishimo zinajishikiza, zinatulia, zinaanza kumwaga mfupa mpya mle ndani, mpaka chuma na mfupa vinakuwa kitu kimoja. Wala hatukwaruzi ovyo, kwa sababu vishimo vikizidi ukubwa navyo vina shida zake. Ndiyo maana kila chuma nakipitisha chini ya hadubini.

Fanuel, unamkumbuka yule fundi wa plasta jikoni kwa mama? Aliuchokoachokoa kwa nyundo ukuta ulioujenga wewe, ukamfokea, naye akasema ukuta laini haushiki plasta. Basi ni hivyo hivyo.

Anayeniongoza kazini ni Jaswinder, mama wa Kisikh aliyezaliwa Kisumu. Kiswahili chake bado ni kile cha dukani kwa baba yake. Siku yangu ya kwanza alinionyesha picha za chembe zilizoletwa na watu wa chuo kikuu kule Edgbaston, akaniambia, "Mfupa hapana penda kioo, mama. Napenda nyumba iko na mashimo-mashimo." Nilicheka, lakini sijapata mwalimu aliyenifundisha vizuri kuliko yeye.

Kwa hiyo chuma kikifika, Fanuel, usikishikeshike. Hata mafuta ya vidole hayatakiwi. Kipeleke kama kilivyo. Hospitali wana chombo chao cha mvuke cha kuua vijidudu, na hiyo ndiyo maana ya "kisafishwe" niliyokuandikia.

Mama, ukipona nitakuja tutembee wote mpaka kanisani.

Wenu,
Moraa


Tabaka, Kisii
12 Machi 2025

Moraa wa mama,

Salamu kutoka kwa wote. Wifi yako ni mzima, watoto ni wazima, ng'ombe amezaa dume. Beverly alifika na mzigo. Amenenepa huyo, sijui huko mnakula nini na bado mnalia baridi! Barua yako ndefu haijafika, posta yetu unaijua.

Nianze na habari njema. Mama amepasuliwa Jumatano iliyopita na ametoka salama. Alipozinduka aliuliza kama nimelisha kuku.

Sasa nikusimulie kuhusu chuma chako. Nilipokitoa kwenye soksi nilicheka. Nikasema, ala, Wazungu wamekuwa wavivu hivi? Kitu hakijasafishwa, hata msasa hakijaonja! Kimepauka, kina meno kila mahali, kama jiwe lililotoka machimboni leo. Hapo nikaelewa kwa nini umeandika mara mbili kisafishwe vizuri. Ulijua umekituma kwa nani.

Nikampelekea mama wodini akipapase. Si unalijua dole gumba lake? Tangu enzi za baba hakuna sanamu lililotoka nyumba hii kabla dole lile halijapita. Akafumba macho, akakipapasa, akasema, "Fanuel, hiki bado. Kitanikwaruza ndani." Nikakirudisha karakana. Nikaanza na grinda na ile brashi yake, nikaja na msasa wa maji, ule wa chenga kubwa kwanza mpaka ule laini wa mwisho. Chuma hicho ni kigumu, dada, jiwe letu mbele yake ni siagi. Mikono iliniuma lakini ni mama. Kisha nikamrudishia, akamalizia mwenyewe kwa kitambaa pale pale kitandani, manesi wamesimama wanamtazama. Akapitisha dole. Akasema, "Sasa ndiyo."

Kinang'aa! Ungeweza kutazama meno yako humo. Daktari alikigeuzageuza, akauliza kama ndivyo vilivyo siku hizi. Nikamwambia kimetoka Birmingham kwa dada yangu, yeye ndiye anayevikagua. Akaridhika, wakakipitisha kwenye mvuke wao, wakakitia.

Mwambie bosi wako akipungukiwa na mafundi wa kusafisha, huku Tabaka tumejaa.

Kaka yako,
Fanuel


Handsworth
2 Aprili 2025

Kaka Fanuel,

Barua yako nimeipata jana. Namshukuru Mungu mama ametoka salama. Hongera kwa ndama.

Nisikilize vizuri. Mama asikanyage mguu ule. Asikanyage kabisa, hata kwenda chooni, mpaka niseme mimi. Usiniulize kwa nini. Akisema paja linamuuma anapojigeuza au anapoinuka, mpeleke siku hiyohiyo, usingoje Sabato ipite. Nimempigia daktari na tumeongea. Anasema kumpasua tena sasa kwa umri wake ni hatari kuliko kungoja, na mimi nimekubali tungoje, Mungu anisamehe.

Jambo la pili. Ile barua yangu ndefu ya Februari ikifika, usiifungue. Niliandika upuuzi tu wa kazini. Itie motoni jikoni, wala usimsomee mama. Nakuomba kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Jana nilikupigia. Nilikusikia ukisema haloo, haloo, na nyuma yako kuku wanalia, nami nikakata. Maneno mengine hayapigiwi mayowe.

Leo kazini nilikosea vyuma viwili mfululizo, Jaswinder akanizimia mashine. Nilimweleza. Alijishika kichwa akasema, "Bas, Moraa. Bas." Tulikaa naye kwenye kibaraza cha nyuma mpaka chai ikapoa.

Umwambie mama nampenda. Mwambie sasa hivi, usingoje.

Moraa


Tabaka
25 Mei 2025

Moraa,

Sisi tupo. Mvua ni nyingi, machimbo yamejaa maji, kazi hakuna.

Mama hali yake si nzuri. Tulimzuia kukanyaga kama ulivyosema, lakini mama unamjua, nani atamzuia? Siku moja wifi yako alimkuta amesimama jikoni ameshika ukuta. Anasema paja linamuuma ndani, na kwamba kuna kitu kinacheza humo kama mpini uliolegea. Daktari amempiga picha. Anasema mfupa haukukishika chuma hata kidogo, na itabidi afunguliwe kitolewe.

Baba mdogo amekaa hapa kando yangu ninapoandika. Anasema watu wote wanauliza. Anasema Ulaya walitutupia mitumba ya nguo tukanyamaza, sasa wanatutupia mitumba ya mifupa. Beverly amesema kanisani kwamba chuma kile kilikuwa kimekataliwa kiwandani kwenu. Baba mdogo anataka nikuulize hivi, na ujibu kwa neno moja. Chuma kile kilikuwa kizima au kibovu?

Fanuel


Handsworth
12 Juni 2025

Kaka Fanuel,

Salamu kwa wote, na kwa baba mdogo.

Hukuniambia kama ile barua ya Februari ilifika. Nashukuru. Nadhani imepotea njiani, na heri ipotee.

Umeniuliza kwa neno moja. Kilikuwa kibovu. Nilijua kimekataliwa, nikajidanganya kwamba kitafaa, kwa sababu kilikuwa bure na mama alikuwa anateseka. Makosa ni yangu peke yangu. Daktari hana kosa. Wewe hukukosa lolote, Fanuel. Ulifanya kazi nzuri kama siku zote. Baba mdogo akiuliza tena, msomee hapa.

Nimeomba ruhusa kazini nije kabla hajapasuliwa. Kuna watu wawili wanaumwa na bosi anasema ningoje mwezi ujao. Nitakuja mwezi ujao. Mwambie mama anisubiri.

Moraa


Tabaka
31 Agosti 2025

Moraa, dada yangu,

Najua ulipata habari kwa ujumbe wa mtoto wa baba mdogo, na sikupenda upate hivyo. Nimechelewa kukuandikia. Kila nikikaa, kalamu inakataa.

Chuma walikitoa. Kilitoka kirahisi, daktari alisema kilikuja na vidole tu. Lakini kidonda kilioza, homa ikapanda, na mama akatuacha alfajiri ya Sabato, mwanzoni mwa Julai, kabla hujapata ruhusa yako. Hakulalamika. Alinituma niangalie kama kuku wamefunguliwa, niliporudi alikuwa ameondoka.

Barua yako ya Juni aliichukua baba mdogo posta kabla yangu. Kwenye matanga, watu wamejaa uwanjani, alisimama akaisoma kwa sauti. "Kilikuwa kibovu. Makosa ni yangu peke yangu." Uwanja ulilipuka, Moraa. Wazee wakasema usikanyage hapa. Ndipo ukapata ule ujumbe wa kukuambia usije.

Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele. Sikusema kitu.

Sasa nikuambie. Ile barua yako ndefu ilifika. Ilifika kabla ya ile ya kunikataza. Nilimsomea mama pale kitandani kama ulivyotaka, na mwanzoni alikuwa anacheka, ule mkokoteni ulimfurahisha. Nilipofika kwenye maneno ya yule mama wa Kisumu, kwamba mfupa haupendi kioo, nikaishusha barua. Mama akasema, "Endelea." Nikasoma mpaka mwisho, mpaka kwenye chombo cha mvuke. Akainua mkono akalitazama dole lake. Akasema, "Kumbe." Hilo tu. Baadaye akaniita akaniambia, "Moraa asijue kilichofanyika. Neno "kisafishwe" ni lake, litamla huko peke yake." Nikamwahidi. Hatukukumbuka kwamba mimi nilikuwa nimeshakuandikia yote nikijisifu, au nilikumbuka nikajifanya nimesahau, sijui. Ulipoandika nisiifungue, nikajua unajua.

Baba mdogo alipoanza maneno yake ya mitumba, ningeweza kumkatiza. Alikuwa kando yangu, ningesema tu, ningemwonyesha hata msasa. Lakini watu hapa wanakuja kwangu kwa ajili ya mkono huu. Mkono huu ndio jina langu. Nikasema nitasema kesho. Halafu ikaja barua yako imejibeba lawama yote, nikaona, basi, amenisaidia. Mungu anaona nilivyoona.

Daktari alinipa kile chuma kwenye mfuko. Siku ya kumzika mama nilijifungia karakana nikachukua tupa, nikakikwaruza. Nikakikwaruza chote, juu mpaka chini, mpaka kikapauka, mpaka kikawa na meno kama ulivyokituma. Nikakiweka ndani ya jeneza, kando ya paja lake, chini ya ile blanketi ya zambarau. Hakuna aliyeniona.

Sina salamu za kukupa. Unaweza kuniandikia au usiniandikie.

Fanuel


Handsworth
14 Septemba 2025

Kaka Fanuel,

Nimeisoma barua yako kwenye basi la Soho Road, nikalia mpaka mwanamke mmoja akaniachia kiti. Nilipitiliza kituo changu. Nilifika Aston nimechelewa na Jaswinder alinipa glavu tu.

Nimekasirika, kaka. Nakuambia wazi usije ukajidanganya. Nilisema uongo nikidhani nakubebea mzigo usioujua. Kumbe uliujua, na ulikuwa umeshanitwisha. Mama yangu amezikwa mimi nikiwa nimesimama mbele ya mashine, napiga mchanga vyuma vya mama za watu wengine, kwa sababu ndugu yangu aliketi mstari wa mbele akafunga mdomo. Usiku na mchana naona ule uwanja. Ulikuwa umebakia wewe tu, Fanuel, na hukusimama.

Lakini hilo la tupa limenivunja. Hata sasa nashindwa kuliandika. Nilimwambia Jaswinder, naye akageukia ukuta.

Basi hivi ndivyo itakavyokuwa. Nimekata tiketi, nakuja Desemba, wanitake wasinitake. Utamwita baba mdogo na wote walioisikia barua yangu, twende kaburini. Mimi nitaanza. Nitasema niliandika "kisafishwe" nikasahau nimezaliwa nyumba gani. Mtoto niliyekua nikichota maji ya kusafishia mawe, nikaandika neno lile kwa fundi wa mawe, wala sikufikiri. Hilo ni langu na nitalisema kwa mdomo wangu. Halafu nitanyamaza, nawe utasema mkono wako.

Ukiona huwezi, usije kunipokea Kisumu. Nitashuka, nitatazama, nisipokuona nitajua, na nitakwenda kaburini peke yangu nirudi.

Ukija, tukubaliane jambo moja kabla hatujafika nyumbani. Wakiuliza nani mwingine alikishika kile chuma, hakuna. Ni neno langu na mkono wako. Dole la mama hatutalitaja.

Moraa